Uzi maalumu: Casanova ya Fellini (1976), filamu ya watu wazima iliyofukuza tamaa

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye majukwaa yetu, uzi wa filamu za watu wazima huwa haufiki mbali. Mmoja anaomba linki, mwingine anakemea, wa tatu anaweka picha zisizotakiwa, uzi unafungwa. Leo naomba tukae na filamu moja ya namna hiyo tuichambue kama tunavyochambua nyingine zote, kwa sababu kwangu ni miongoni mwa kazi kubwa za sinema ya Ulaya, na anayeipuuza kwa sababu ya ngono iliyomo anapoteza mengi. Linki sitatoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunaijua, na hata isingekuwepo nisingetoa.

Inaitwa Il Casanova di Federico Fellini, yaani Casanova ya mwongozaji wa Kiitaliano Federico Fellini. Ilitoka Italia Desemba 1976, ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, na haina hadithi moja inayosafiri toka mwanzo hadi mwisho. Ni visa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na mji wake, rangi zake, wanawake wake na ndoto yake: Venice, Paris, Parma, London, Roma, Dresden, hadi kasri la mbali Bohemia. Karibu kila kisa kinaishia kitandani. Na hapo ndipo penye ajabu yake, maana sijaona filamu yenye ngono nyingi hivyo ambayo inamwacha mtazamaji na baridi mwilini.

Kwanza huyo mtu mwenyewe. Jina lake mtaani tumelifanya sifa ya kila mwanamume mpenda wanawake, na wapo wanaodhani ni mtu wa hadithini. Giacomo Casanova alizaliwa Venice tarehe 2 Aprili 1725, mama yake akiwa mwigizaji wa jukwaani. Mwaka 1755 alitiwa ndani kwenye gereza la Piombi, vyumba vya juu kabisa katika kasri la mtawala, chini ya paa la madini ya risasi, na usiku wa kuamkia Novemba mosi 1756 akatoroka kwa kupitia paa hilo. Alikuwa na mkono katika kuanzisha bahati nasibu ya serikali kule Paris. Alitafsiri Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, kwa Kiitaliano. Uzeeni alikuwa mkutubi wa Count Waldstein kwenye kasri la Dux, mji ambao leo unaitwa Duchcov, Jamhuri ya Czech, na huko ndiko alikoandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kifaransa, kurasa zinazokaribia 3,700 za mkono wake. Alifariki tarehe 4 Juni 1798. Maandishi hayo yalichapwa bila kukatwakatwa kuanzia 1960, na mwaka 2010 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliyanunua kwa zaidi ya euro milioni 7.

Fellini alikubali kutengeneza filamu kabla ya kukisoma kitabu vizuri. Alipokisoma, kikamchosha, na Casanova mwenyewe akamchukiza. Alimwona ni mtu aliyepita Ulaya nzima bila kuona chochote. Hakuificha chuki hiyo, aliisema wazi kwa waandishi wa habari. Mwingine angeirudisha kazi kwa mwenyewe. Fellini aliichukua chuki ile akaijenga kuwa filamu.

Ujenzi naumaanisha hasa. Venice yote mnayoiona humo ilitengenezwa ndani ya studio za Cinecittà, Roma. Mfereji Mkuu, madaraja, theluji, ukungu, vyote vya mikono. Kuna kisa Casanova anavuka bahari usiku kwa mashua huku dhoruba ikivuma, na bahari ile ni nailoni nyeusi iliyotandazwa na kutikiswa. Hawakujaribu kuificha! Unaiona ni nailoni, inang'aa kama nailoni, na bado moyo unakwenda mbio kwa sababu mtu aliye ndani ya mashua anaogopa kufa kwelikweli.

Gharama zilikuwa kubwa mno. Watayarishaji walipokezana: Dino De Laurentiis alianza nayo akaiacha, Andrea Rizzoli akaiacha, mwisho akaibeba Alberto Grimaldi, ambaye mwishoni mwa 1975 aliisimamisha kazi kwa sababu ya fedha hadi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, Agosti 1975, wezi waliingia kwenye maabara ya filamu Roma wakachukua mikanda yake pamoja na ya Salò, filamu ya mwongozaji mwenzake Pasolini.

Nitashusha visa vyenyewe. Nipeni muda.

#2 Mchangiaji

Niko siti ya mbele mkuu. Ila nijibu kwanza: kama ni ya ngono na haina tamaa, mtu anaitazama kwa faida gani? Maana filamu za namna hii watu huzitazama kwa sababu moja tu, tusidanganyane.

#3 Mwanzisha uzi

Swali lako mkuu ndilo lango lenyewe. Nikupe kisa cha kwanza kabisa.

Ni wakati wa kanivali, Casanova amevaa mavazi meupe ya kanivali, ameitwa kwa barua. Anakwenda kwenye nyumba iliyoko kisiwani kukutana na mtawa wa kike. Mtawa huyo ana mpenzi wake mkubwa, balozi wa Ufaransa, na balozi ameomba kitu: atazame. Ukutani kumechorwa samaki, na jicho la samaki ni tundu. Balozi anakaa nyuma ya ukuta na jicho lake linaonekana mle ndani ya jicho la samaki. Casanova anajua. Mtawa anajua. Wanaanza.

Sasa tazama jinsi Fellini anavyolipiga picha tendo lenyewe. Casanova havui nguo za ndani. Filamu nzima ni hivyo, amebaki na lile vazi jeupe la kubana kifua na suruali fupi, amefungwa toka shingoni hadi magotini. Anachofanya ni mazoezi ya viungo: anapanda, anashuka, anageuka, jasho linamtoka, macho yamemtoka, anatazama mbele kama fundi aliyeinamia cherehani akikimbizana na Iddi. Mwanamke chini yake hatumwoni tena. Viungo vya siri havioneshwi hata mara moja. Na kando ya kitanda amewekwa ndege.

Huyu ndege ni wa bati lililopakwa dhahabu, anatembea naye ndani ya kisanduku kila aendako. Kabla ya kila tendo anamtoa na kumtia ufunguo. Ndege anaanza kupiga mbawa, kunyanyuka na kushuka, na muziki wa Nino Rota unaanza, muziki wa kuzungukazunguka pale pale. Mara ya kwanza unacheka. Ukifika kisa cha nne au cha tano, ukisikia tu ule muziki, unachoka kabla hajagusa mtu. Mwongozaji amekufundisha kuchoka. Filamu za ngono tuzijuazo hurudia tendo ili mtu aongezewe hamu. Hii inarudia hadi hamu ikauke, ndipo macho yaanze kuona mengine yaliyomo chumbani.

Na kilichomo chumbani ni huzuni. Maana tendo likiisha, sauti ya balozi inatoka ukutani, inampongeza, inatoa na maoni ya kiufundi. Casanova anashukuru, anavaa uso wa heshima, kisha anaanza kujieleza: yeye ni msomi, ana ujuzi wa uhandisi, wa kemia ya kale, wa siasa, na angefurahi kama mheshimiwa balozi angemfikiria kwa kazi Ufaransa. Anaongea na ukuta. Anaongea weee. Hakuna jibu. Balozi ameshaondoka zake.

Mkuu, ndani ya dakika zile chache umeshapewa mtu mzima. Huyu ni mwanamume aliyetaka kuheshimiwa kwa kichwa chake, na dunia nzima ikamtaka kwa jambo moja tu. Kwa hiyo analifanya. Anarudi baharini, kwenye ile nailoni, na akifika upande wa pili askari wanamngoja na hati ya kumkamata.

Faida ndiyo hiyo. Nimeona filamu nyingi zinazolaani uzinzi kwa maneno. Hii hailaani kwa neno lolote, inakuacha chumbani na mwenye kuufanya baada ya wenzake kuondoka.

#4 Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, ahsanta kwa maelezo. Mimi filamu hiyo niliiona nikiwa Ulaya, na sitaki kukufurahisha kwa uongo: ilinishinda. Haina mshikano. Yuko Paris na mzee bibi tajiri, mara yuko Parma, mara London ataka kujitosa mtoni, hujui kafika vipi. Mavazi mazuri, nakubali. Lakini filamu si maonyesho ya mavazi.

#5 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, lalamiko lako walikuwa nalo hata wakosoaji wakubwa wa wakati ule, na soko pia halikuipokea vizuri. Lakini naomba nikuoneshe kwa nini njia zimekatwa.

Kumbukumbu za Casanova zimejaa njia: farasi, nyumba za wageni, madeni, barua za utambulisho, magari kukwama. Fellini ameziondoa zote kwa sababu ndizo zinazompa mtu sura ya kuishi. Mtu anayesafiri anabadilika njiani. Huyu hakubadilika, kwa hiyo hatumwoni njiani. Tunamwona amefika tu, amesimama mlangoni na kisanduku cha ndege, tayari kurudia. Hakuna kisa kinachozaa kingine, na mimi naona hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote.

Na kila kisa kina uhai wake. Chukua kile cha Dresden, kwenye jumba la opera. Onyesho limekwisha, watu wametoka, Casanova amebaki peke yake kati ya viti. Toka darini zinashushwa taa kubwa za duara, kila moja na mishumaa isiyohesabika, hadi karibu na sakafu. Wanaingia watumishi na mapepeo makubwa marefu, wanazipepea, mishumaa inazimika safu kwa safu, giza linakuja polepole. Hakuna neno. Kisha toka juu kwenye roshani sauti ya bibi kizee inamwita. Ni mama yake, ambaye hawajaonana miaka mingi. Bibi amesahaulika kule juu na miguu haimbebi tena. Mwanawe anambeba mgongoni hadi kwenye gari la farasi, wanaongea mambo ya fedha na kazi, gari linaondoka, na ndipo anapogundua hakumwuliza anaishi wapi.

Hicho kisa hakina ngono kabisa na kimewekwa katikati ya filamu ya ngono. Mama yake kweli alikuwa mwigizaji na kweli aliishia Dresden, hilo liko kwenye historia. Sasa niambie, ungehitaji kisa kingine kukuunganishia hapo ili ukielewe?

Kuhusu mavazi: Danilo Donati alipata Oscar ya mavazi kwa filamu hii mwaka 1977, na ilikuwa haki yake. Lakini angalia yanavyofanya kazi. Mawigi yanapanda, kola zinapanuka, nyuso zinapakwa poda hadi zinakuwa barakoa. Donald Sutherland, aliyeigiza Casanova, mwenyewe alinyolewa nywele hadi katikati ya kichwa, akanyolewa na nyusi, akabandikwa pua na kidevu bandia. Alikuwa mtu wa karibu mita 1.93, na kwa umbo lile anaonekana kiumbe kilichochongwa. Ukiona macho yake tu ndiyo yenye uhai ndani ya uso wote, ujue ndivyo ilivyokusudiwa.

#6 Mchangiaji (dada wa Arusha)

Kaka, naomba nikukatize kwa heshima. Unamhurumia sana huyo baba. Je, wanawake? Wao ndio wanaovuliwa nguo, yeye hata fulana hatoi. Na huyo Casanova wa kweli, ukisoma aliyoyaandika mwenyewe, mengine siku hizi ni jela moja kwa moja. Naona watu wanaita sanaa kila kitu kikitoka Italia.

#7 Mwanzisha uzi

Dada yangu, sikukatalii, na nashukuru umelileta mapema. Yapo matendo ndani ya kumbukumbu zile ambayo kwa sheria za leo, na kwa dhamiri yoyote iliyo sawa, ni uhalifu, na aliyaandika kwa raha. Ndiyo maana ninamheshimu Fellini kwa kukataa kumpamba. Filamu nyingine kumhusu mtu huyu zimemfanya kijana mzuri mwenye ulimi mtamu. Hii imemfanya mashine.

Kuhusu wanawake kuwa mapambo, kwa visa kadhaa uko sahihi na siwezi kuitetea. Kipo kisa cha Roma, nitakifikia, ambacho mwanamke anatumika kama uwanja wa mpira. Mwongozaji anakusudia tukasirike, sawa, lakini kamera yake nayo imefurahia. Hilo lipo na nalikubali.

Lakini wapo wawili nataka uwatazame. Wa kwanza ni Henriette wa Parma, ameigizwa na Tina Aumont. Kwenye karamu, mbele ya wanaume wanaobishana kama mwanamke ana akili, anachukua sello na kuipiga. Ukumbi unanyamaza. Casanova anatoka bustanini akilia. Usiku ule, kwa mara moja, anaonekana anapenda. Asubuhi Henriette hayupo, kaondoka kwa hiari yake na kwa sababu zake, na filamu haitufungulii sababu hizo. Yeye ndiye anayemwacha. Casanova wa kweli naye anasimulia kuwa Henriette alimwandikia kwa almasi kwenye kioo cha dirisha la nyumba ya wageni Geneva kwamba Casanova atamsahau hata yeye, Henriette.

Wa pili ndiye sababu hasa ya mimi kuanzisha uzi huu. London, Casanova ametapeliwa na kukataliwa, hana kitu, anavaa nguo zake nzuri kuliko zote na kuingia ndani ya mto Thames ili afe. Maji yamemfika kifuani, anainua macho, na ukingoni, kwenye ukungu, anapita mwanamke mrefu kupita kiasi, pamoja na mbilikimo wawili. Anaghairi kufa. Anamfuata.

Anamfikia kwenye gulio la usiku. Kuna nyangumi mkubwa wa kutengenezwa, watu wanalipa na kuingia kinywani mwake, na tumboni wanaoneshwa picha za taa ukutani, michoro ya ajabu na ya kutisha aliyoichora msanii Roland Topor. Mwanamke yule anafanya kazi hapo, anapigana mieleka na wanaume kwa ujira, anawashinda. Casanova anashindana naye kwa mkono mezani, naye anamlaza. Baadaye anachungulia kwenye upenyo wa hema, amwone anapojisitiri.

Dada, hapo umezoea kujua kitakachofuata, kwa sababu filamu imeshakufundisha. Ndege hatoki. Mwanamke yuko kwenye pipa kubwa la maji, mbilikimo wake wawili wanaoga naye, wanacheka, wanarushiana maji, kisha anawaimbia wimbo wa kubembelezea watoto kwa lahaja ya kwao, upande wa Venice. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Andrea Zanzotto. Casanova anasikiliza, na usingizi unamchukua nje ya hema. Asubuhi uwanja ni mtupu, gulio limeng'olewa usiku.

Aliyeigiza ni Sandy Allen, Mmarekani mzaliwa wa Chicago, mwanamke mwenye urefu wa mita 2.32, aliyetambuliwa kuwa mrefu kuliko wanawake wote wa dunia wakati wake. Maisha yake yote watu walimtazama kama kioja. Kwenye filamu hii, mahali ambapo kila mwili unageuzwa kioja, mwili wake ndio pekee unaotazamwa kwa upole. Nililia, na sioni aibu kusema.

#8 Mchangiaji

Mkuu huyo Sutherland si Mkanada? Aliongeaje Kiitaliano?

#9 Mwanzisha uzi

Hakuongea. Filamu ilipigwa kwa Kiingereza, ya kwanza kwa Fellini, na kwa toleo la Kiitaliano sauti ya Casanova ni ya Luigi Proietti. Fellini alikuwa na desturi ya kuingiza sauti baadaye studio. Sisi tuliolelewa na vibanda umiza, ambako sauti ya msimuliaji inampa mwigizaji roho nyingine kabisa, hatuna haki ya kushangaa.

Sutherland alikufa Juni 2024, Mungu amrehemu. Alicheza filamu karibu mia mbili na kwa macho yangu hakuna aliyojitoa zaidi ya hii.

#10 Mchangiaji

Kisa cha Roma tafadhali. Na mwisho wake.

#11 Mwanzisha uzi

Kisa cha Roma nitakisema kwa kifupi kwa sababu ni kichafu. Kwenye jumba la mwenyeji wake, katikati ya karamu ya ulevi, wageni wanaweka dau: nani ataweza mara nyingi zaidi, Casanova au dereva wa magari ya farasi, kijana mwenye nguvu. Kila mmoja anachagua mwenzake, watu wanazunguka, wanahesabu kwa sauti. Casanova anakunywa mayai mabichi. Dereva anafanya mambo yake kawaida, kwa raha zake. Casanova anafanya kwa mbinu. Anashinda. Wanambeba juu juu kwa shangwe, na uso wake ni wa mtu aliyepata kile alichokuwa anakitafuta kwa balozi: kutambuliwa. Hapo nilihisi kichefuchefu, na nafikiri anayeangalia kisa hiki kwa starehe hajakiangalia.

Tulinganishe na mwisho. Kwenye jumba la mtawala wa Württemberg, mahali pa makelele, ogani zimepangwa ukutani hadi juu na wapigaji wanazipiga zote kwa pamoja, Casanova anajaribu tena kuuza akili zake na tena hakuna anayemsikiliza. Humo ndimo anapokutana na Rosalba. Rosalba ni mwanasesere wa mashine, saizi ya mtu, mwenye mikono ya kunyooka na shingo ya kugeuka kwa hatua. Ameigizwa na binadamu, Leda Lojodice, na kazi aliyoifanya na mwili wake sijui niieleze vipi: huoni pumzi.

Casanova anamwinamia, anamwomba dansi. Anamwongelesha kwa adabu ambayo hakuwapa wengine wote. Anampeleka kitandani. Huu ndio usiku wa mapenzi ya kweli kuliko yote katika filamu, na mpenzi ni mbao na springi. Hapa ndipo visa vyote vilivyotangulia vinapopata maana yake, ndugu yangu wa Mombasa. Alikuwa analala na wanasesere siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyewageuza hivyo. Sasa amekutana na mmoja asiye na chochote cha kupotezwa. Na asubuhi hata huyo anaachwa kitandani, mikono imenyooka hewani.

Kisha uzee, kasri la Dux. Watumishi wanamcheka, wanamnyima makaroni yake, picha yake iliyochapwa kwenye kitabu inabandikwa chooni kwa kinyesi. Anawasomea mashairi vijana, wanajizuia kucheka. Usiku anaota Venice. Mfereji Mkuu umeganda barafu. Wanawake wake wanatokea kwa mbali na kukimbia. Mwanzoni mwa filamu, kwenye kanivali, tuliona kichwa kikubwa cha mwanamke kikivutwa kwa kamba kutoka majini, kamba zikakatika kikazama. Sasa kiko chini ya barafu, macho yake wazi. Rosalba anamngoja. Wanashikana, wanacheza juu ya barafu, kisha hawachezi tena, wanazungushwa tu.

#12 Mchangiaji (dada wa Arusha)

Kaka, hapo kwa Rosalba umenigusa. Bado sijamsamehe huyo baba. Naweza kuitazama na mume wangu, au ni ya kutazama peke yako?

#13 Mwanzisha uzi

Itazameni pamoja, dada yangu, watoto wakiwa wamelala, maana ni ya watu wazima kwelikweli. Ukiona kisa cha Roma kinakukera, ruka, hakuna utakachopoteza. Cha bibi tajiri wa Paris, anayetaka kuzaliwa upya akiwa mwanamume, kina utani mwingi mwanzoni, msikikatie tamaa. Lakini London msiruke dakika hata moja, na muwe na spika nzuri kwa ajili ya wimbo wa kwenye hema, kwa sababu Rota ameupandisha taratibu sana na kwa sauti ya simu hausikiki vizuri. Kuhusu lugha, mimi nashauri toleo la Kiingereza kwanza. Sauti ya Sutherland mwenyewe ina unyenyekevu fulani anapoomba kazi kwenye ule ukuta, na Proietti, pamoja na ufundi wake wote, anamfanya Casanova ajiamini kuliko anavyostahili.